Bendi Niliyoipenda Bila Kuisikia

Naanza na aibu, ili kama ni kucheka mcheke mapema tuendelee. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikiwaambia watu, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba bendi yangu ya roki, ile ya kufa na kuzikana nayo, inaitwa Grümholt. Nimeisema saluni, nimeisema kwenye vikao vya harusi, na mwaka fulani niliisema mbele ya mwalimu wa muziki aliyepita Nachingwea kusalimia ndugu zake, naye akatikisa kichwa kwa heshima. Mwezi uliopita nikagundua kwamba Grümholt si bendi. Haijawahi kuwa bendi. Ni kampuni ya kuzibua mabomba ya maji machafu huko Ulaya, ina magari ya njano, na sidhani kama kuna mtu pale aliyewahi hata kulishika gitaa.

Fulana iliyoniponza iko kwenye kasha langu, chini kabisa ya kanga za msiba. Nilipoitoa juzi ilinipiga puani kwa harufu mbili zinazogombana, nafutalini na salfa, na salfa ikashinda. Watu wa kwetu mnaijua salfa: ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho kuanzia mwezi wa sita, unaoingia kwenye nguo, kwenye nywele, hadi kwenye ugali. Baba aliivaa fulana ile kupulizia misimu minne. Imefuliwa sijui mara ngapi tangu hapo na bado inanuka shamba. Nikakaa sakafuni nimeipakata kama mtoto mchanga, na mara nikawa nimerudi kwenye Nachingwea ya kaseti, msichana wa darasa la sita mwenye magoti meupe kwa vumbi na maringo yasiyo na msingi wowote.

Mimi sijawahi kuhama hapa, niwaambie kabisa. Wenzangu walikwenda Dar, walikwenda Mtwara, mmoja yuko Dodoma kwenye ofisi yenye zulia. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani kupumzika kidogo, na mpaka leo napumzika. Kwa hiyo ninaposema nilikuwa mtaalamu wa roki, mjue utaalamu huo niliupatia wapi. Niliupatia uani kwetu, kati ya banda la kuku na ukuta wa jirani yetu Mama Filomena, mama wa Kimakonde ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji, na ambaye wakati wote nilipomwona alikuwa anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.

Aliyeniletea roki ni Twaha, mtoto wa mjomba. Alikuwa na miaka kumi na saba. Aliletwa kwetu kutoka Dar ili apumzishwe na makundi mabaya, ingawa nikimkumbuka vizuri naona ni makundi ndiyo yaliyopumzishwa naye. Alishuka kwenye basi na begi moja, wokmeni moja, vispika viwili vidogo kama vibiriti, na kaseti moja. Moja tu. Karatasi yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ikafutwa, kwa hiyo hatukuwahi kujua ni bendi gani iliyokuwa inatupigia kelele. Nilipomuuliza, alisema mtu mwenye akili za muziki haulizi, anasikia tu na kujua. Nikaona haya kwa kuuliza. Hivi ndivyo wajinga wawili wanavyoanza kusomeshana.

Na ule muziki wenyewe, jamani. Niseme ukweli sasa kwa kuwa sina tena sifa ya kulinda. Ulianza kama mashine ya kusaga iliyowashwa bila mahindi. Halafu akaingia mwanaume mmoja analalamika, huelewi amefiwa au amebanwa na mlango, akafuatwa na mwingine anayepiga ngoma kama mtu anayefukuza nyani shambani. Hakuna mahali pa kucheza, hakuna mahali pa kuitikia, na ukidhani wimbo umekwisha ndipo gitaa linapoanza kulia peke yake dakika nzima, kama mtoto aliyesahauliwa. Betri zilipoanza kuisha wimbo ulikwenda taratibu zaidi, na mimi nikaona hapo ndipo unapokuwa mtamu. Twaha akaniambia sijui kitu. Nikatikisa kichwa changu mbele na nyuma kama alivyotufundisha, upande mzima wa kaseti, mpaka shingo ikakakamaa, mama akanikanda kwa maji ya moto akidhani nina homa.

Kwa nini nilifanya hivyo? Kwa sababu darasani kwetu kila msichana alikuwa na muziki wake. Mmoja wa taarabu, mmoja wa dansi, wengine wote wa hawa vijana wa redioni wa kurapu. Wa roki hakuwepo. Niliona kiti kiko wazi nikakikalia.

Tatizo la kiti hicho likawa kwamba Twaha siku moja aliniuliza, mbele ya wenzangu, ni bendi zipi za roki ninazozipenda. Ziko nyingi, nikajibu, nitakutajia kesho. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya mitumba sokoni. Nikaenda, nikainama kwenye rundo la fulana nyeusi kama mwanafunzi kwenye maktaba, na humo nikachagua bendi zangu tatu za maisha. Ya kwanza ilikuwa ya fuvu lililovaa taji la maua. Ya pili ilikuwa ya mbwa mwitu watatu na mwezi. Fulana hiyo haikuwa na jina popote, nikaipa la kwangu mwenyewe, na nasikitika kwamba nimelisahau. Ya tatu ilikuwa Grümholt. Hiyo nikamlilia mama mpaka akaninunulia.

Niwaeleze ilivyokuwa, muone kama nyie mngejinasua. Fulana nyeusi. Kifuani, mwanaume mwenye miwani mikubwa ya kufunika uso na glavu zinazofika kwenye viwiko, ameshika kwa mikono miwili kitu cheusi, kirefu, kinachotoka kwenye shimo. Nyoka, nikasema. Juu yake jina kwa herufi nene, na juu ya herufi moja vitone viwili. Na Twaha alishatufundisha kwamba bendi za kweli za roki huweka vitone juu ya herufi ili watu waogope. Mgongoni kulikuwa na orodha ya miji saba na mbele ya kila mji namba. Twaha alishatufundisha hilo pia: bendi kubwa huandika mgongoni miji watakayopiga na tarehe. Namba zenyewe zilikuwa ndefu kupita tarehe yoyote niliyowahi kuiona. Nikasema Wazungu wana kalenda yao.

Nikamtajia Twaha bendi zangu. Ya fuvu akaikubali. Ya mbwa mwitu akasema ni ya watoto. Nilipotaja Grümholt aliangalia juu, halafu akasema hao ni hatari, hasa kaseti yao ya pili, ile ya kwanza walikuwa bado wanajifunza. Akaniimbia puani na kipande cha wimbo wao mmoja. Namkumbuka hadi leo amefumba macho, kidole hewani, anaimba puani wimbo wa wazibua mabomba.

Sasa ningekuwa nimeishia hapo, tungecheka tukaachana. Lakini nilikuwa na mdogo wangu.

Jina lake la utotoni nalitaja hapa kwa ruhusa yake, maana kwetu mtu akishatoka jando jina la utoto halitajwi tena. Kulitaja ni kumrudisha mtu mzima kwenye nepi. Aliitwa Issa. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mwoga wa bata. Likizo ya mwezi wa sita ya mwaka ule ilikuwa zamu yake kuingia jandoni, kwao baba, Chinongwe, huko Ruangwa. Na kwa Issa jina jipya lilikuwa tayari linamsubiri. Babu yetu, baba yake baba, alikuwa na kaka aliyeitwa Nandonde, aliyekufa kijana bila kuacha mtoto. Jina la mtu wa namna hiyo haliachwi lilale tu. Linangoja mvulana atakayeliinua. Wajukuu waliotangulia walikuwa wamekwishapewa majina ya watu wengine, na babu alikuwa amezeeka. Issa ndiye aliyekuwa wa mwisho. Kila babu alipokuja Nachingwea alimshika kichwa na kumwambia, "Wewe utanirudishia kaka yangu." Kila mtu alijua, na Issa alijua, na mimi nilijua.

Siku mbili kabla ya safari nilimkuta jikoni nyuma ya mafiga, anatetemeka kwa ajili ya kisu. Hakulia, alikuwa anatetemeka tu, na meno yakigongana. Mtu mwenye akili angemwambia kwamba baba alipita, babu alipita, na wote wanatembea. Mimi nilikwenda ndani nikaleta fulana. Nikamwambia hawa ni watu wa Ulaya, wanashika nyoka kwa mikono yao, nyoka mwenyewe anatoka shimoni, wala hawarudi nyuma. Nikamwambia akichukua jina lao hatasikia maumivu.

"Hawalii?" akaniuliza.

"Grümholt halii," nikamjibu.

Akanishika mkono nimfundishe kulitamka. Tulikaa pale mpaka uji ukaungua, anasema namsahihisha, anasema namsahihisha, na mimi nilikuwa nasahihisha kitu nisichokijua mwenyewe. Nandonde hatukumtaja. Nilimkumbuka, nisidanganye. Nilimkumbuka nikaona ni jina la kishamba.

Mambo ya kumbini hayasimuliwi na mwanamke, wala mimi sisimulii. Ninachojua ni alichoniambia mwenyewe tukiwa watu wazima, kwamba siku ile alilishika lile neno kwa meno, na kwamba hakulia.

Siku ya kutoka ilikuwa asubuhi nyeupe, upepo unaleta salfa kutoka kwenye mikorosho ya majirani mpaka wali wa sherehe ukawa na rangi yake. Mama Filomena alikuwa amekuja nasi kutoka Nachingwea kusaidia kupika. Twaha alikuja na wokmeni yake, akaweka masikioni ili watu waone kwamba ngoma zetu zinamchosha. Wavulana walikalishwa kwenye mikeka, vichwa vimenyolewa na kupakwa mafuta, kanga zimewafunika, macho chini. Mama zao walikuwa wanapiga vigelegele mpaka sauti zinakauka.

Utaratibu wa kule ni huu. Kijana anasimama, anaulizwa yeye ni nani sasa, anataja jina. Lakini jina haliingii kwa yeye kulitaja. Mpaka mkubwa wa ukoo wake alipaze kwa sauti yake mwenyewe, mara tatu, na watu wamwitikie. Asipolipaza, kijana amesimama pale hana jina, la zamani limetupwa na jipya halijaja. Nimeona mvulana mmoja, si siku hiyo, mjomba wake alikasirika akakataa kulipaza. Yule mtoto alisimama juani mpaka miguu ikamwisha.

Issa aliposimama, babu alikuwa tayari ameshavuta pumzi. Nilimwona. Kifua kilikuwa kimejaa, mdomo umefunguka, Nandonde yuko kwenye ulimi. Akaulizwa, yeye ni nani sasa.

"Grümholt," akasema mdogo wangu, kwa matamshi niliyomfundisha, hata sikuona kosa.

Nyuma mtu akacheka puani. Baba alimtazama mama, mama akatazama chini. Babu akaiachia ile pumzi polepole, kama mtu anayetua gunia asije akalipasua. Akamwomba mtoto arudie. Akarudia. Akamwomba tena. Safari ya tatu Issa alilitaja kwa sauti ndogo, ile ya nyuma ya mafiga.

Babu hakuwa na meno ya mbele, na Kiswahili chenyewe alikizungumza kwa Kimwera ndani yake. Akajaribu chini chini. Likamkatikia njiani. Akajaribu tena. Halafu akainua uso, akajaza kifua upya, akalipaza kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi: Gulumoti. Watu wakaitikia, Gulumoti. Mara ya pili, mara ya tatu, na vigelegele vikapasuka, na mdogo wangu akawa mtu.

Mimi nilikuwa nimejifunika kanga nacheka. Nilicheka kwa sababu mzee alikuwa ameliharibu. Bendi kubwa kama ile, yenye vitone, inatamkwa kama jina la dawa ya minyoo. Mama alinifinya paja. Mama Filomena, mwiko mkononi, aliniangalia kwa muda mrefu na hakusema kitu, jambo ambalo kwake ni ugonjwa.

Mchana nilipokwenda nyuma ya ghala kuchukua kuni nilimkuta babu amekaa peke yake kwenye gogo. Alikuwa anasema, "Gulumoti. Gulumoti." Anasema, anasimama kidogo, anasema tena. Nilidhani anajaribu kulipatia. Nilirudi nikamhadithia Twaha, na tulikuwa tunaliigiza wiki nzima, yeye anakuwa babu, mimi nakuwa gogo.

Baada ya hapo maisha yaliendelea na upumbavu wangu ukaendelea nayo. Twaha alirudi Dar na kaseti yake, na mimi sikusikia tena wimbo hata mmoja wa roki kwa hiari yangu, ila niliendelea kuwa mpenzi wa roki. Inawezekana kabisa. Angalieni vijana wa siku hizi wanaopita hapa barabarani na bodaboda, wamevaa mafuvu na miali ya moto kifuani, ukimwuliza ni nani hao anakwambia ni fulana tu, bibi. Angalau wao wanakiri. Fulana yangu aliichukua baba, akasema rangi nyeusi inafaa kwa salfa. Nilimnunia miezi miwili kwa kuidhalilisha bendi.

Babu aliishi miaka sita mingine. Katika miaka hiyo watu wote waliteleza: baba aliteleza akamwita Issa, mama aliteleza, mimi niliteleza. Babu hakuteleza hata mara moja. Akifika, neno la kwanza ni Gulumoti wangu yuko wapi. Alipougua mwisho alimwita kwa jina hilo akamshika kichwa, palepale alipokuwa akimshika zamani. Nandonde hakumtaja tena mbele yetu, kwa neno wala kwa mafumbo, mpaka tulipomzika.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima mwenye kitambi cha heshima. Yuko Ruangwa, analima ufuta, na msimu wa kiangazi anachimba dhahabu kidogo Namungo kama wengine. Aliwahi kuwa golikipa, na nimeshasimama pembeni ya uwanja nikasikia watu wanaita Gulumoti, Gulumoti, uwanja mzima, nikajisemea moyoni kwamba bendi yangu imepata mashabiki.

Mwezi uliopita akanipigia simu. Mwanawe wa kwanza anatoka jando likizo hii. Akasema wamekodi spika kubwa, na anataka siku hiyo, kabla ya kutaja majina, upigwe wimbo mmoja wa Grümholt, ili mtoto ajue jina la baba yake limetoka wapi. "Wewe ndiye shabiki, dada," akasema. "Nitafutie ule mzuri kuliko yote."

Nikamwambia hilo si tatizo. Nilikata simu nikakaa. Shabiki wa miaka ishirini na kitu, hana wimbo mmoja wa kutaja.

Siku tatu nilizunguka. Siku ya nne nikaenda kwa kijana mmoja sokoni anayeingizia watu nyimbo kwenye flashi. Naye alikuwa na fuvu kifuani. Nikamwandikia jina kwenye karatasi, na vitone vyake, kwa maringo yote. Akaandika kwenye simu, akasubiri, akakunja uso, akanigeuzia kioo. Palikuwa na video. Gari la njano. Mwanaume mwenye miwani mikubwa na glavu za kufika kwenye viwiko akafunua mfuniko barabarani, akaingiza mpira mweusi mrefu kwenye shimo, akauvuta kwa mikono miwili. Maji yakachuruzika vizuri. Chini miji saba ikajipanga, na namba zake, namba za simu, upige saa yoyote. Muziki ulikuwepo, niseme haki: filimbi, taratibu, ya kumliwaza mteja.

"Mama," akasema yule kijana, "hawa ni wa vyoo."

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Nilimpigia Twaha kwanza, sijui kwa nini, labda nilitaka mwenzangu wa kuzama naye. Ana duka la spea huko Dar. Alisikiliza, akasema kwa sauti ileile ya mtaalamu kwamba hiyo kampuni labda waliianzisha baada ya bendi kuvunjika. Nikamkatia simu. Kuna watu hata Mungu huwaacha walivyo.

Kumpigia mdogo wangu kulinichukua siku mbili. Nilikuwa nimemnyang'anya jina la ukoo nikamvika tangazo la mitaro, na alikuwa anakaribia kulisimamisha mbele ya mwanawe na watu wote. Nikamwanzia mbali, kwenye ufuta, kwenye bei, kwenye afya ya wifi. Akaniacha nizunguke mpaka nikachoka nikamwambia. Halafu nikasikia kicheko kinaanza tumboni kinapanda.

Alikuwa anajua. Alikuwa anajua kwa miaka minne. Mzungu mmoja wa kupima miamba alipita Ruangwa, akasoma Grümholt kwenye kofia ya mdogo wangu, alikoliandika mwenyewe, akamwuliza limetoka wapi, na alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini kando ya gari lake, kisha akamwonyesha ile kampuni kwenye simu.

"Ulijua, na bado ukaniagiza wimbo?" nikamwuliza.

"Nilitaka nione utaniletea upi," akasema.

Alipomaliza kucheka nikamwuliza kama sasa atalibadilisha. Akasema hapana, na sauti yake ikashuka. Akasema siku ile alisimama hana jina, alishaona babu alivyovuta ile pumzi na alijua ilikuwa ya nani, akajua pia kwamba mzee akinyamaza yeye amekwisha. "Hakunyamaza, dada. Alilipaza lile jina letu la takataka kama jina la kaka yake. Mimi nilitupe vipi?" Mtoto, akasema, ataitwa Nandonde. Limengoja vya kutosha. Na yeye ndiye atakayelipaza.

Ndipo nikamwelewa babu wa kwenye gogo. Kwa umri wangu huu wote nilidhani alikuwa anajifunza kutamka. Alikuwa anamzika kaka yake mara ya pili, mchana, peke yake, ili asije akamteleza mdomoni mbele ya mtoto. Na nyuma yake, nimekumbatia kuni, nilikuwa nimesimama mimi, ninayejua miziki, nacheka.

Jioni hiyo nilimpelekea Mama Filomena hadithi nzima ukutani, kwa kuwa lazima mtu nimwambie, na kwa kuwa nilitumaini kidogo kufarijiwa. Nikamwambia yote, mpaka ya gogo. Nikamwonyesha na fulana. Nikamwambia kinachoniuma zaidi ni kwamba niliipenda sana ile miziki, labda mapenzi ndiyo yaliyonipofusha. Mama Filomena ni mzee sasa, lakini vidole bado ni vyeusi vilevile. Aliipasua korosho moja, akatoa kiini, akakipuliza, akasema:

"Wee Somoe, kaseti ikilia ulikuwa unaziba masikio kwa kanga, ukidhani mie huku sikuoni. Lete hiyo fulana niivae nikibangua."